Darubini kwa familia zetu: tununue ipi, na ya nini?



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, kila inapokaribia Ramadhani na Idi swali moja huzuka upya hapa Buwenge, na wenzetu wa Jinja na Mbale hutuuliza lilo hilo: "Tunataka kununua darubini ya kuangalia mwezi na nyota. Tununue ipi?" Swali ni zuri, na linatufurahisha zaidi linapotoka kwa mzazi anayemfikiria mwanawe. Hata hivyo tumeona fedha za watu zikipotea kwa vitu visivyoonyesha chochote, na watoto wakikata tamaa kabla hawajaanza. Ndiyo maana tumeonelea tutoe rai yetu waziwazi.

Rai yenyewe kwa ufupi ni hii. Familia inayoanza isinunue darubini ndefu ya jicho moja yenye miguu ya plastiki, hata kama kwenye boksi pamechorwa picha nzuri za sayari. Inunue darubini ya macho mawili, ile ambayo wengi wetu tunaiita binokula. Tena ni bora familia tano au sita zichange zinunue moja ya kweli, kuliko kila nyumba kununua yake ya ovyo. Sasa tutaeleza sababu.

KWA NINI YA MACHO MAWILI?

Darubini ya jicho moja ya bei rahisi ina matatizo matatu. Kwanza, huonyesha kipande kidogo sana cha mbingu, kwa hiyo mtu anayeanza hutafuta hata mwezi wenyewe asiupate. Pili, miguu yake hutetemeka kila ukiigusa. Tatu, nyingi hupindua picha, juu ikawa chini, na mtoto akachanganyikiwa.

Darubini ya macho mawili huonyesha vitu kama vilivyo, juu ni juu na kulia ni kulia. Huonyesha eneo pana: ya 10x50 kwa kawaida huonyesha nyuzi 5 hadi 7 za mbingu, wakati mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi tu. Maana yake ni kwamba miezi kumi au zaidi ingeweza kupangwa kwa mstari ndani ya duara unaloliona. Kwa hiyo ukiielekeza karibu tu na kitu, utakipata. Na mchana inakufaa kwa ndege wa kwenye mto Nile au kwa kumtafuta ng'ombe aliyepotea malishoni, hivyo haikai kabatini ikingoja usiku.

NAMBA ZAKE ZINA MAANA GANI?

Kila darubini imeandikwa namba mbili, kwa mfano 7x50, 8x40 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi kubwa ya mbele kwa milimita. Wauzaji wengi hutusifia namba ya kwanza. Sisi tunasema kwa kazi ya usiku itazame kwanza namba ya pili, kwa sababu usiku shida yetu ni uhaba wa mwanga.

Fanya hesabu ndogo. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kufikia karibu milimita 7. Lenzi ya milimita 50 ina eneo kubwa kuliko mboni hiyo karibu mara 50, na jicho hupokea mwanga zaidi kwa kiasi hicho. Lenzi ya milimita 50 pia hukusanya mwanga mara 4 kuliko ile ya milimita 25. Ndiyo maana vile vidude vidogo vya kutia mfukoni vya 10x25 ni vizuri uwanjani mchana, lakini usiku havina faida kubwa.

Hesabu ya pili: gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Jibu ni upana wa mwanga unaotoka kwenye darubini kuingia jichoni. Ya 7x50 inatoa milimita 7, ya 10x50 inatoa 5, ya 8x40 inatoa 5, na ya 10x25 inatoa 2 na nusu tu. Sasa fikiria: mboni za mtu mzima wa miaka 50 na kuendelea mara nyingi hazifunguki tena kufikia milimita 7 bali 5 au chini yake. Mzee akitumia 7x50, sehemu ya mwanga humwagika nje ya mboni yake na kupotea bure. Kwa hiyo jibu la "ipi ni bora" linategemea pia umri wa atakayeitumia.

IPI KWA NANI?

1. Kwa msikiti, madrasa au kundi la familia: 10x50, pamoja na stendi ya miguu mitatu na kile kiunganishi cha kuifungia. Hii ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote kwa ajili ya mwezi na nyota.

2. Kwa nyumba yenye watoto: 8x40 au 8x42. Ni nyepesi zaidi, na mkono wa mtoto hauchoki upesi. Kumbuka kwamba darubini ya 10 hukuza pia mtetemeko wa mkono mara 10.

3. Kwa kijana mwenye macho mazuri anayeishi mbali na taa za mji: 7x50 itampa picha ang'avu na tulivu.

4. Kwa anayevaa miwani: aulize darubini ambayo jicho linaweza kukaa mbali kidogo na lenzi, milimita 15 au zaidi, ili asilazimike kuvua miwani yake.

5. Kwa mtoto wa miaka sita au saba: mjaribishe kwanza. Macho yake yamekaribiana, na darubini nyingi hazikunjiki kiasi cha kumtosha. Akiona kwa jicho moja tu hatakuambia, atasema "naona" ili asikuudhi.

Zile za 20x50 na kuendelea tunawashauri mziache. Bila stendi imara hazitulii, na picha yake ni ya giza. Zile zinazobadilisha ukuzaji kwa kusukuma kijiti nazo ziacheni. Katika bei zetu hizi picha zake huwa hafifu na eneo lake huwa finyu. Na ukikuta imeandikwa inakuza mara 100 huku inaenea kiganjani, fahamu kwamba hiyo namba imeandikwa kwa ajili ya mfuko wako.

JINSI YA KUIPIMA DUKANI

Usinunue kabla hujaishika. Omba ruhusa utoke nayo mlangoni, ufanye haya:

Kwanza, itikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, irudishe.

Pili, ishike mbali na uso kama urefu wa mkono, ielekeze kwenye anga jeupe (si kwenye jua!), uangalie vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za nyuma. Vikiwa mviringo kamili, prizimu zake ni za kioo kizuri. Nyingi za namna hiyo huandikwa BAK-4. Vikiwa vimekatika pembeni kama mraba, ni za daraja la chini.

Tatu, tazama nguzo ya umeme au mnara wa mbali kwa macho yote mawili. Ukiona viwili badala ya kimoja, au ukihisi macho yanavutwa, mabomba yake hayalingani. Hiyo ni kasoro kubwa kuliko zote, na haiponi kwa kuzoea. Itakuumiza kichwa kila siku.

Nne, tazama rangi ya lenzi za mbele. Utando mzuri hutoa mng'ao hafifu wa kijani au zambarau. Zile zinazong'aa nyekundu kama kioo cha taa ya nyuma ya gari hupendeza machoni, lakini usiku hurudisha mwanga unaouhitaji.

Tano, zungusha gurudumu la katikati. Liwe laini, lisilegee. Kisha zungusha pete ya jicho moja, kwa kawaida la kulia, ambayo ni ya kurekebisha tofauti ya macho yako. Muuzaji asiyejua kazi ya pete hiyo huenda hajawahi kuitazamia.

Bei je? Nchi za nje, darubini za kuanzia za 7x50 au 10x50 za makampuni yanayofahamika kama Celestron, Bushnell na Nikon huuzwa takriban kati ya dola 40 na 150 za Kimarekani. Kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Ukiona jina kubwa kwa bei ya sahani mbili za pilau, jiulize. Za mtumba nazo zisidharauliwe, maana darubini ya zamani iliyotunzwa hushinda mpya ya ovyo. Muhimu uipime kama tulivyoeleza, na uangalie ndani kwa tochi kama kuna ukungu wenye nyuzinyuzi.

TAHADHARI KUBWA: JUA

Hapa tunawaomba wazazi wasome mara mbili. Kulitazama jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, kunaweza kumtia mtu upofu. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea picha haina hisia ya maumivu, kwa hiyo mtoto ataungua bila kulia, na atagundua baadaye. Utepe wa eksirei, kioo kilichofukizwa moshi na CD za zamani si kinga. Hata miwani maalumu ya kupatwa kwa jua haitoshi ukiweka darubini mbele yake, kwani darubini hukusanya miale kwa nguvu kuliko miwani hiyo inavyoweza kuzuia.

Tunalisema hili kwa sababu maalumu. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kikamilifu Pakwach, kaskazini-magharibi ya nchi yetu, na sehemu nyingine za Uganda zililiona likiwa limemegwa. Kupatwa kwingine ni kwa tarehe 2 Agosti 2027, ambako ni kamili Luxor, Jeddah na Makka, na kwetu ni kwa sehemu. Siku kama hiyo nyumba yenye darubini inapaswa kuifungia kabatini. Watoto watengenezewe karatasi ngumu yenye tundu dogo, watazame kivuli cha jua ardhini huku mgongo wao ukiwa umelielekea.

Kupatwa kwa mwezi ni jambo jingine. Hakuna madhara yoyote kuutazama. Usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulifunikwa wote kwetu tangu saa 2:30 hadi karibu saa 4 kasoro dakika 8, rangi yake ikawa kama shaba. Usiku kama huo ndipo darubini ya msikiti inapostahili kupita mikononi mwa watu baada ya swala ya kupatwa kwa mwezi.

DARUBINI NA MWEZI MWANDAMO

Wengi wetu ndiyo sababu yetu ya kwanza. Tunajua wapo wanavyuoni wanaokubali mwezi ulioonekana kwa darubini, na wapo wanaotaka jicho tupu. Hatuingii katika mjadala huo; maimamu wetu wapo. Tunakumbusha tu kwamba hata huko Saudia, Mahakama Kuu inapowataka watu wautafute mwezi, huwataka wautafute kwa macho au kwa darubini. Na ipo njia inayowapatanisha wengi: tumia darubini kupata mahali mwezi ulipo, kisha ishushe uutazame kwa macho yako. Mara nyingi usichokiona ukiwa unahangaika mbingu nzima, hukiona mara tu ukijua mahali pake.

Lakini darubini haitengenezi mwezi ambao haupo. Mwezi hujitenga na jua kwa karibu nyuzi 12 kila siku. Ukiwa na umri wa saa chache tu tangu kukutana na jua, hauonekani kwa chombo chochote cha mkononi. Wataalamu wanaoweka kumbukumbu hizi wanasema mwezi mchanga kuliko wote ulioonekana kwa macho matupu ulikuwa na umri wa saa 15 na nusu hivi, mwaka 1990. Kwa darubini ni saa 11 na dakika 40, ulioonwa na Mohsen Mirsaeed wa Iran mwezi Septemba 2002. Hao walikuwa mabingwa, katika hali bora kabisa. Basi mtu akitwambia ameuona mwezi wa saa sita kwa binokula ya dukani, tumuulize kwa upole aliona nini hasa. Wingu jembamba, ndege ya mbali, hata Zuhura inaweza kumdanganya mtu mkweli. Ushahidi wa mwezi ni amana, na swaumu ya watu wengi iko juu yake.

Hapa kwetu tuko chini ya nyuzi moja kaskazini ya Ikweta, na hilo lina faida na hasara. Jua huzama karibu wima, kwa hiyo giza huingia haraka na nafasi ni fupi. Lakini mwezi nao husimama juu ya pale jua lilipozama, pembe zake zikiwa juu kama mashua, haujifichi pembeni sana. Kwa hiyo:

- Chagueni mapema mahali palipo wazi upande wa magharibi. Hapa Buwenge miwa hukua kupita kimo cha mtu na kuziba upeo, basi tafuteni mwinuko. Wenzetu wa Mbale wana bahati: Wanale uko mashariki yao, na magharibi ni tambarare.
- Rekebisheni darubini kabla, kwa kutazama mti au mlima wa mbali sana, mpaka uonekane wazi. Ikiwa imelegea, mwezi mwembamba hautauona hata ukiuelekea.
- Msielekeze darubini magharibi mpaka jua lote lizame. Lote!
- Mkiuona, wapelekeeni habari wenye mamlaka ya kuitangaza. Msiitupe kwanza kwenye WhatsApp.

USIKU MWINGINE WOTE TUTAONA NINI?

Ingekuwa hasara kununua chombo cha kutumia jioni mbili kwa mwaka. Qur'ani yenyewe inatutajia mwezi na vituo vyake kwa ajili ya kujua hesabu ya miaka (Yunus: 5), na nyota kwa ajili ya kuongoka katika giza la bara na bahari (Al-An'aam: 97). Na sisi tulio karibu na Ikweta tuna neema ambayo watu wa London hawana: kwa mwaka mzima tunaziona nyota za kaskazini na za kusini.

Anzeni na mwezi wa siku ya tano hadi ya kumi. Kwenye mpaka wa nuru na giza mtaona mashimo na milima kwa vivuli vyake. Kisha tafuteni Mshtarii. Mkiishikilia darubini imara, mtaona vinukta vidogo kando yake, hadi vinne. Ndiyo ile miezi aliyoigundua Galileo Januari 1610. Mtoto aichore leo, kesho na keshokutwa, ataona imebadilisha nafasi.

Kuanzia Novemba hadi Machi, jioni, tazameni Kilimia, ambayo Waarabu huiita Thurayya. Kwa macho mtahesabu nyota sita au saba. Kwa darubini ni makumi. Nyota nyekundu inayoifuata, Aldebaran, jina lake ni la Kiarabu, maana yake "mfuasi". Kuanzia Oktoba hadi Desemba kuna kile kiwingu hafifu ambacho Abdur-Rahman as-Sufi alikieleza katika kitabu chake cha nyota karibu mwaka 964. Leo tunajua ni kundi la mabilioni ya nyota, na nuru yake imesafiri miaka kama milioni 2 na nusu. Juni hadi Agosti, kiangazi, ule ukanda mweupe unaopita mbinguni huvunjika ndani ya darubini ukawa nyota zisizohesabika.

Na tusiahidi uongo. Pete za Zohali hamtaziona kwa 10x50; mtaona yai dogo tu, pengine hata hilo hapana. Rangi za kwenye picha za magazeti hamtaziona. Mtoto aliyeambiwa ukweli mapema hufurahia kile kilichopo.

Dakika 20 gizani bila simu mkononi, ndipo macho yanafunguka vizuri. Lala kwenye mkeka au egemea ukuta ili mikono itulie. Na umeme ukikatika Jinja, tusilalamike tu, tokeni nje.

ADABU NA UTUNZAJI

Macho yana adabu, na darubini huongeza macho. Isielekezwe kwenye nyua na madirisha ya watu, wala kwenye kambi za jeshi au bwawa la Nalubaale, mtu akaja kujieleza asichokusudia. Chagueni uwanja wa wazi, na majirani waambiwe mnafanya nini. Wasichana na mama zao wapangiwe zamu zao sawasawa. Tumeona mahali pengine darubini ikizunguka mikononi mwa wanaume mpaka mwezi ukazama.

Unyevu wa kwetu huotesha ukungu ndani ya lenzi. Ikaushe, ihifadhi kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vumbi lipulizwe kwanza kabla ya kufuta, na kufuta iwe kwa kitambaa laini kisafi, si kwa ncha ya kanzu.

JE, SI ISRAFU?

Wapo watakaosema: paa la madrasa linavuja, ada za shule hazijalipwa, nyinyi mnazungumzia nyota. Hoja hii hatuidharau. Nyumba ambayo ada haijalipwa, ada itangulie, na kukopa kwa ajili ya darubini hatukushauri. Mbingu hutazamwa bure kwa macho, na aliyejifunza kuijua Kilimia na Mshtarii kwa macho ndiye atakayefaidi darubini ikipatikana.

Lakini ndiyo maana tumesema mchange. Familia sita zikigawana, sehemu ya kila moja si kubwa kuliko gharama ya keki na mapambo ya sherehe moja. Kijana wa sekondari anayehesabu lenzi kwenye daftari la fizikia bila kuwahi kuishika atakuwa ameelewa kwa usiku mmoja. Na jioni ya mwezi ishirini na tisa, badala ya kungoja simu kutoka Kampala na kubishana, watoto wetu watakuwa wamesimama uwanjani na wazee wao, wakitazama magharibi na kujua wanachokitafuta.

Basi tunawaomba wazee wa misikiti walizungumze baada ya swala ya Ijumaa. Ateuliwe mtunzaji mmoja mwaminifu, liwepo daftari la kuazima, na mtu mmoja anayejua apelekwe kuipima kabla fedha haijatoka. Inunuliwe moja, ya 10x50, iliyo nzima. Mengine yatafuata, in shaa Allah.

Wabillaahi tawfiiq.